Ushauri: ngitili ya ekari 20 inabeba ng'ombe wangapi mpaka mvua?

Msukuma_Kishapu: Wakuu, heshima kwenu. Tulifunga ngitili (malisho tunayoyahifadhi kwa ajili ya kiangazi) tangu masika, sasa ni Agosti na nyasi zinafika magotini. Nataka kuifungua. Ng'ombe wetu ni 12. Itatosha mpaka Novemba?

Afisa_Malisho: Kata nyasi mita moja ya mraba sehemu kadhaa, bila kuchagua palipostawi. Pima, utuletee wastani.

Laigwanani: Nyie mna bahati. Sisi Longido mwaka 2009 ukame ulimaliza mifugo. Asubuhi unamwinua ng'ombe kwa mkia, jioni kalala tena. Funga hiyo ngitili, usifungue!

MamaShamba: Achana na nyasi za asili mdogo wangu, panda nyasi za malisho za Cenchrus ciliaris.

Msukuma_Kishapu: Mama, mbegu baadaye. Nimepima, wastani gramu 150, zimeshakauka.

Afisa_Malisho: Ekari 20 ni kama hekta 8, kwa hiyo una kilo 12,000. Nusu iache ilinde udongo na mashina. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 6 kwa siku: 12 wanakwenda siku 80. Mnafika Novemba. Sasa mbona una wasiwasi?

Msukuma_Kishapu: Na wakiongezeka 40?

Afisa_Malisho: Siku 18. Wa nani hao?

Msukuma_Kishapu: Wa jamaa wa Meatu. Kanipa kishika uchumba, nimelipia ada ya mdogo wangu. Nyasi zikibaki mchwa watakula tu.

Laigwanani: Mchwa hali ngitili nzima kwa siku 18, kijana.

Mzee_wa_Busara: Ngitili ni ya ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Mzee wako anajua?

Msukuma_Kishapu: Yuko Mwanza anatibiwa. Ngitili ni yake. Sijamwambia.

Kijiwe_Cha_Kahawa: Hii chai. Shinyanga jangwa tupu, nyasi za magotini Agosti zitoke wapi? Weka picha.

Mzee_wa_Busara: Jangwa la lini? Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza 1986, ngitili zikarudi kila kona. Njoo uone.

Kijiwe_Cha_Kahawa: Mzee, mimi namuuliza yeye.

Msukuma_Kishapu: Iko bondeni, udongo mweusi wa mbuga, unashika maji. Upande wa mlimani nyasi ni za vidole tu, na nimezipima pia. Picha nitaweka nikipata bando. Sina sababu ya kudanganya, ada imelipwa kweli.

MamaShamba: Namwamini. Mpigie mzee leo, kabla jirani hajampigia.

Afisa_Malisho: Na jamaa umwambie alete 10 tu, kwa wiki mbili, walishwe upande wa bondeni. Hapo mnabaki na kama siku 68 za wale 12. Pesa iliyobaki utamlipa kidogo kidogo. Wanafika lini?

Msukuma_Kishapu: Jumatatu. Wameshatoka Meatu.