Mdogo wangu ameacha unga, lakini tabia imebaki: ni hulka yake au ni athari ya dawa za kulevya?

Dada wa Ngamiani
Assalam alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu alianza kuvuta unga, yaani heroini, akiwa na miaka 16. Sasa amevuka 30, anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila siku pale hospitali ya Bombo, Tanga, na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haimsumbui tena. Lakini nikimtuma mafuta ya kupikia, hurudi na chenji kamili, na kabla sijauliza lolote huanza kuapa kwamba hakugusa hata shilingi, kisha hununa hadi jioni. Mama anasema ndivyo alivyoumbwa. Je, ni kweli?

Muuguzi Mstaafu
Wa alaykum salam, dada. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humsaidia mtu kupanga mambo, kujizuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Miaka ambayo wenzake walikuwa wakijifunza kazi, kuchumbia na kupatana baada ya ugomvi, yeye aliimaliza akitafuta kete. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliutaja ujana kuwa wakati wa mtu kujitambua yeye ni nani, na kwa mdogo wako jibu lilitoka kijiweni: teja. Hata hivyo, tafiti hazijaonyesha kwamba waraibu wote wana hulka moja. Pupa ya kutenda bila kufikiri huonekana kwa wengi, na kwa baadhi yao ilikuwapo tangu utotoni, ila uongo na viapo aghalabu ni mbinu walizojifunza wakiikimbia arosto.

Kijana wa Sahare
Dada, mimi pia natumia methadoni, na niliapa vivyo hivyo, kwa sababu kila kilichopotea nyumbani nilitajwa mimi. Nafuu ilianza shemeji aliponikabidhi fedha za kununua samaki Deep Sea, akapokea hesabu yangu bila kunipekua mifuko. Ilichukua muda mrefu kabla sijaacha kujitetea.

Mwanasaikolojia
Nakubaliana na kijana, kwani mazingira yana nguvu kubwa: askari wengi wa Marekani waliokuwa waraibu wa heroini Vietnam waliacha waliporejea kwao. Lakini dada, huko kununa usikuchukulie kuwa ni utoto tu. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, huwapata wengi walioacha unga, nayo methadoni haiitibu. Zungumza naye faraghani, mama asiwepo, umwombe amweleze mshauri wa kliniki jinsi anavyolala, anavyokula na yanayompitia moyoni anaponuna.