Kanuni ya tano ya Wabudha: kinachokatazwa ni pombe au ni ulevi?

Muulizaji
Ndugu zangu, hapa Muscat ninakaa chumba kimoja na fundi kutoka Sri Lanka, ambaye siku ya Vesak, sikukuu kuu ya Wabudha, alivaa nguo nyeupe akazisoma kwa Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, zile kanuni tano, ikiwemo ya kujiepusha na vileo. Wiki mbili baadaye nilimkuta na kopo la bia, naye akajitetea kwamba kilichokatazwa ni kulewa, si kunywa. Sisi Waislamu tunajua kwamba kinacholevya kwa wingi, hata kidogo chake ni haramu. Je, kwao ikoje?

Jibu la kwanza
Mwenzako ameshikilia neno moja, *pamāda*, yaani kughafilika, akaliacha lililo mbele yake. Kanuni yenyewe inataja *surā*, *meraya* na *majja*, yaani pombe ya nafaka, vinywaji vilivyochachuliwa na vileo kwa jumla, kisha ikavieleza kuwa ndivyo chanzo cha kughafilika; kwa hiyo walimu wengi wa Theravada, madhehebu ya Kibudha yanayofuatwa Sri Lanka, hukataza hata funda moja. Kwa watawa hapana mjadala kabisa. Sagata, mtawa aliyesifika kwa kumshinda joka mkali, alikaribishwa pombe nyumba kwa nyumba na watu wa Kosambi, mji wa India ya kale, akaanguka langoni mwa mji. Wenzake walimbeba, wakamlaza kichwa kikielekea kwa Buddha, naye akageuka usingizini akamwelekezea miguu. Buddha akauliza kama mtu huyo angeweza sasa kumshinda hata nyoka wa majini, na hapo ndipo marufuku ilipowekwa.

Jibu la pili
Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila tusiipime kanuni hiyo kwa mizani ya haramu na halali. Inaitwa *sikkhāpada*, zoezi analojitwika mtu mwenyewe, na akiteleza hulichukua upya. Hata wanazuoni wao wa kale wa Abhidharma, yaani uchambuzi wa kina wa mafundisho ya Buddha, walibishana kama kunywa ni uovu kwa asili yake, kama kuua, au ni kosa kwa sababu tu limekatazwa. Huko Sri Lanka maduka ya pombe hufungwa siku za Poya, kila mwezi mpevu, jambo ambalo, ukilitazama vizuri, linakuambia kwamba siku nyingine yako wazi.

Muulizaji
Ahsanteni. Nimemsimulia habari ya Sagata. Alicheka sana, akasema yeye si mtawa, kisha akataka kujua kama tembo la mnazi la pwani ya kwetu linafanana na la kwao.