Lake District na York, au tuzunguke Scotland kaskazini? Siku nane, gari letu wenyewe

NuruWaTanga
Wadau, salaam. Ndani ya nyumba hapa mjadala umegota, naomba mtusaidie. Mimi na mume wangu tuko Reading. Tumepata siku nane za mapumziko na tumekubaliana jambo moja tu: tunakwenda kaskazini, kwa gari.

Yeye kang'ang'ania North Coast 500 (NC500), ule mzunguko wa Scotland unaoanzia Inverness, unaambaa na pwani yote ya juu na kurudi Inverness. Ameona video mbili tatu, basi. Mimi roho yangu iko Lake District, lile eneo la maziwa na milima kaskazini mwa England, kisha tuvuke kwenda Durham na York, turudi nyumbani taratibu. Nimeshika vyumba pande zote mbili, na vya upande mmoja lazima nivifute kabla ya Jumapili. Ipi bora?

Mzee_wa_Carlisle
Mwezi gani? Gari gani? Anaendesha nani? Umeuliza kama mtu anayepiga simu Feri kuulizia bei ya samaki bila kusema samaki gani.

Kipanga_Mweusi
NC500, wala usijiulize mara mbili. Nimeizunguka kwa pikipiki na nimeizunguka kwa gari. Kule Sutherland kuna fukwe za mchanga mweupe na maji ya kijani, ukipiga picha ukawatumia ndugu watadhani uko Nungwi, mpaka uingize mguu. Lake District ni bwawa lililozungukwa na watu wanaotafuta pa kuegesha.

Mzee_wa_Carlisle
@Kipanga_Mweusi bwawa? Ziwa Windermere peke yake ina urefu wa maili zaidi ya kumi. Mwache dada ajibu maswali.

NuruWaTanga
Samahani. Mwezi wa nane, kuanzia tarehe 9. Gari ni Yaris ya 2013, ile nyumbani tunaiita Vitz, otomatiki, ya petroli. Tutapokezana kuendesha.

Mwana_wa_Kibokoni
Mwezi wa nane, dadangu! Basi hapo Edinburgh usiiguse. Ni msimu wa tamasha lao, chumba cha kawaida utalipa kama unanunua mlango na dirisha.

Mimi niko Newcastle mwaka wa tisa, na watu wote wanapita hapa mbio wakienda Scotland, hawasimami. Northumberland ina fukwe tupu, ngome ya Bamburgh juu ya mwamba, na Holy Island, ambayo wenyewe waliiita Lindisfarne. Pale Waviking walishuka mwaka 793 wakawavamia watawa. Njia ya kuingia kisiwani inafunikwa na bahari mara mbili kila siku. Wewe mtu wa Tanga, maji kujaa na kupwa huhitaji kufundishwa. Wanaonasa ni wale wanaodhani bango la saa za kuvuka limewekwa kwa ajili ya wengine. Kuna kibanda juu ya nguzo, katikati ya njia, cha kujiokolea. Gari linabaki chini linaoga.

Glasgow_Bukavu
Nyote munasahau Glasgow. Dada, lala kwetu usiku moja, chakula cha halali kiko kila kona, bei ya hoteli iko chini kuliko Edinburgh. Asubuhi munapanda barabara ya A82, ziwa Loch Lomond kuumeni, mpaka Glencoe. Ile ni bonde ambako mwaka 1692 askari walipokelewa nyumbani mwa Wamacdonald, wakala, wakalala siku kadhaa, kisha wakaamka usiku wakawaua wenyeji wao. Nilipowasimulia wazee wetu walisema laana ya namna hiyo haitoki.

Kama gari ingekuwa ya dizeli ya zamani ningekuambia uiache nje ya katikati ya jiji, kuna ukanda wa hewa safi na faini inakufuata kwa posta. Petroli ya 2013 inapita.

Chipsi_Mayai
Mimi napita tu. Njiani mtaikuta Gretna Green, mpakani kabisa. Zamani vijana wa England waliokataliwa na wazazi walitoroshana hadi pale, maana sheria ya Scotland haikudai ridhaa ya mzazi, wakaozeshwa na mhunzi juu ya fuawe. Kama kuna mahari haijamalizika mnaweza kuanza upya.

NuruWaTanga
Chipsi, mahari imelipwa, fungate ndiyo iliyobaki deni. Tulioana, visa ikasumbua, akaja baadaye. Kwa hiyo safari hii ndiyo fungate yetu yenyewe. Ndiyo maana sitaki tuiharibu.

Baba_Zuhura
Dada, kwa kuwa umesema ni fungate, acha nikusimulie yaliyonikuta.

Mwaka 2022 mimi na mama Zuhura tulitimiza miaka kumi ya ndoa. Mwezi wa sita. Tukachukua treni kutoka Aberdeen mpaka Inverness, tukakodi gari pale, kampuni siitaji. Siku ya pili nikasema twende Applecross kwa kupanda Bealach na Bà. Chini ya mlima kuna bango kubwa: barabara inafika futi 2,053, mwinuko wa moja kwa tano, kona za kukunjana, haishauriwi kwa wanaojifunza wala kwa magari makubwa. Mama Zuhura alilisoma kwa sauti. Nikamwambia mimi nimeendesha Lushoto.

Lushoto magari mawili yanapishana. Kule njia ni ya gari moja, na kila baada ya hatua kadhaa pametanuliwa kidogo ili watu wapishane. Nimefika kona za juu, mwamba upande huu, bonde upande ule, anashuka mtu na kempa, yale magari yenye kitanda na jiko ndani, ambaye naye bango lilimwambia asije. Nyuma yake wamejipanga wanne. Ikabidi nirudi rivasi mimi. Klachi ikaanza kunuka kama ukoko wa ugali. Nikajibana kando kupita kiasi, tairi la nyuma likapanda jiwe lenye makali, likachanika ubavuni.

Nafungua buti, spea hakuna. Kuna kopo la povu la kuzibia pancha, na ubavu uliochanika hauzibwi kwa povu. Simu haina mtandao. Manyunyu yale yasiyonyesha wala kuacha. Yakakatika, tukafurahi, upepo nao ukalala, kumbe ndivyo visubi wanavyopenda. Msidhani ni mbu. Ni wadogo kama punje ya unga wa sembe, wanaingia puani, masikioni, ndani ya mtandio. Tulijifungia garini kwa saa nne, vioo juu, na harufu ya klachi.

Mzee mmoja mwenye Land Rover ndiye aliyetupeleka hadi kwenye simu. Gari la kukokota lilifika saa tano usiku, na huko mwezi wa sita saa tano usiku bado kuna mwanga, kwa hiyo niliuona vizuri uso wa mke wangu. Hakupiga kelele. Alinyamaza mpaka kwenye treni ya kurudi. Wenye ndoa wanajua. Kampuni nayo ikanikata tairi, kukokotwa na klachi. Nilisoma mkataba baadaye, matairi hayakuwamo kwenye bima.

Kipanga_Mweusi
Pole, lakini hiyo ni ajali ya Baba_Zuhura, si ya NC500. Applecross inafikika kwa njia ya pwani kutoka Shieldaig bila kupanda mlima ule. Na yeye gari lake ni otomatiki, klachi haimhusu.

Baba_Zuhura
Visubi wanamhusu. Na spea. Dada, fungua buti ya Vitz yako uangalie leo.

Mzee_wa_Carlisle
Tuache visubi, tupige hesabu. Nimeendesha lori barabara kuu ya M6 miaka kumi na moja. Reading mpaka Inverness ni zaidi ya maili 500. Kwa mtu asiye dereva wa kazi hizo ni siku mbili, na mbili za kurudi. Zimebaki nne. Mzunguko wenyewe ni maili 516, na upande wa magharibi unakwenda maili 25 kwa saa nyuma ya kondoo. Utaona kioo cha mbele tu.

Sasa chukua hii. Siku ya kwanza M6 mpaka Lake District, pumzikeni Keswick usiku tatu. Siku ya nne mpande kuona Ukuta wa Hadrian, ulianza kujengwa mwaka 122, maili 73 kutoka bahari hadi bahari, halafu mlale Durham. Kanisa la Durham hata kama si dini yako utasimama mlangoni mdomo wazi. Kisha York siku mbili, nyumbani. Hakuna siku inayozidi saa tatu barabarani isipokuwa ya kwanza na ya mwisho.

Ila umesema mtapokezana. Mumeo alifika lini, na leseni yake ni ya wapi?

NuruWaTanga
Alifika Machi mwaka jana. Leseni ya Tanzania, bado hai mpaka 2027. Mbona?

Mzee_wa_Carlisle
Dada, kaa chini kwanza. Mkazi wa hapa anaruhusiwa kutumia leseni ya Tanzania miezi 12 tu tangu ahamie. Baada ya hapo ni leseni ya kujifunzia, mtihani wa nadharia na wa barabarani. Haibadilishwi dirishani kama ya Afrika Kusini au Zimbabwe. Miezi 12 ilikwisha Machi. Akishika usukani sasa ni sawa na asiye na leseni, na bima hakuna.

Kipanga_Mweusi
Si achukue tu kibali cha kimataifa?

Mzee_wa_Carlisle
Kibali hicho ni cha mgeni anayepita. Huyu anaishi Reading.

Chipsi_Mayai
Watu walikuja kutafuta hoteli, wameondoka na kesi 😂

Mwana_wa_Kibokoni
Chipsi, si mzaha huo. Nuru dadangu, tangu Machi amekuwa akiendesha?

NuruWaTanga
Ananipeleka kazini kila siku.

NuruWaTanga
Nimemuuliza. Anasema mtu wa kazini kwake alimwambia ni miaka mitatu. Nimechukua funguo.

Baba_Zuhura
Basi lile bango la Bealach na Bà linamhusu kwa jina. Haishauriwi kwa wanaojifunza.

Glasgow_Bukavu
Mwonee huruma, angalau kwenu munaendesha kushoto. Mimi nilitoka Bukavu, kule tuko kulia, wiki ya kwanza hapa niliingia mzunguko wa barabara kinyume na nikapigiwa honi na kila taifa.

Dada, kama wewe ndiye dereva peke yako, njooni Glasgow kwa treni. Na musikose Blantyre, dakika chache tu, nyumba alimozaliwa Livingstone mwaka 1813. Chumba kimoja, familia nzima, na mtoto wa miaka kumi alipelekwa kiwanda cha pamba. Ni makumbusho sasa.

Babu_wa_Ujiji
Livingstone tena. Sisi Ujiji tunao mnara wake, wanakuja wazungu kupiga picha, kila mtu anarudia salamu ya Stanley ya mwaka 1871. Mimi nauliza, huko Blantyre Susi na Chuma, wale watumishi wake Waafrika, wametajwa wapi? Livingstone amefariki Mei 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, wakauzika moyo wake pale, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari iliyofuata. Azikwa London Aprili 1874 na wao hawapo, waliletwa Uingereza mazishi yamekwisha.

Glasgow_Bukavu
Babu, nawaheshimu, lakini wametajwa. Nenda uone ndipo useme.

Babu_wa_Ujiji
Nilipie nauli nitakuja.

Kipanga_Mweusi
Tumetoka kwenye mada. Nuru, bado nasema uende juu. Hata Glencoe na Fort William tu, mkaone Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345.

Chipsi_Mayai
Mita 1,345 ndiyo mlima? Lango la Marangu unaposhuka kwenye gari umeshaupita, na hapo hujaanza kupanda.

Kipanga_Mweusi
Huo wa mita 1,345 unaua watu kila mwaka kwa sababu ya watu kama wewe wanaopanda na ndala.

Mwana_wa_Kibokoni
Kwani wanakula nini huko juu? Nuru ni Muislamu na hakuna aliyemwambia. Nje ya Glasgow na miji mikubwa utakula samaki na chipsi mpaka uote mapezi. Chukua jiko dogo la gesi na mchele.

Chipsi_Mayai
Kuna hagisi. Moyo, ini na mapafu ya kondoo, oti (oats) na vitunguu, vyote ndani ya tumbo lake.

Mwana_wa_Kibokoni
Hiyo ni mutura ya kondoo, wasituringie.

Baba_Zuhura
Mutura ina damu, hagisi haina. Zisichanganywe. Na mutura huchomwa, hagisi huchemshwa.

Glasgow_Bukavu
Hagisi ya halali iko hapa Glasgow, kuna mabucha wanaiuza. Hata ya mboga tupu iko.

NuruWaTanga
Jamani asanteni. Buti nimefungua, spea ipo ila haina upepo. Mume wangu amesoma uzi wote, amekubali kuomba leseni ya kujifunzia, na sasa anasema kama ni mimi pekee ninayeendesha basi twende Keswick, ila siku mbili za mwisho badala ya York anataka Blantyre, kwa sababu ya Babu. York nimeilipia tayari na hairudishwi. Nilisahau kuwaambia.

Mzee_wa_Carlisle
Ulisahau.

Babu_wa_Ujiji
Mumeo mtu wa wapi?

NuruWaTanga
Kigoma.

Babu_wa_Ujiji
Nilijua. Mpeleke Blantyre mwanangu, aulize habari za Susi na Chuma, aniletee jibu.

Chipsi_Mayai
Hagisi ya halali ni shilingi ngapi kilo?