Kupunguza mazoezi kabla ya mashindano ya kuogelea: kipungue nini, na kwa muda gani?

Mwalimu wa Bwawa (Mombasa)
Habari zenu wanajamvi. Ninafundisha vijana kuogelea, na wawili kati yao, wenye umri wa miaka 16 na 17, watashindana Kasarani, Nairobi, baada ya wiki tatu: mmoja mita 100 mtindo huru, mwingine mita 400. Kwa sasa kila mmoja huogelea takriban mita 30,000 kwa wiki katika vipindi sita. Je, kinachopaswa kupunguzwa ni vipindi, umbali au kasi? Na ratiba moja inawafaa wote wawili?

Kocha Mstaafu
Mwalimu mwenzangu, punguza umbali, lakini kasi usiiguse. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wanamichezo hunufaika zaidi pale wingi wa mazoezi unapopunguzwa hatua kwa hatua kwa asilimia 41 hadi 60 katika muda wa wiki mbili hivi, huku kasi na idadi ya vipindi vikibaki kama vilivyokuwa. Sababu yake ni kwamba uchovu huondoka mwilini upesi kuliko uwezo uliojengwa kwa miezi. Misuli hujaza upya akiba yake ya glikojeni, yaani wanga unaohifadhiwa mwilini ili kutoa nguvu, na nguvu za mwogeleaji, ambazo mazoezi mazito yalikuwa yamezifunika, hujitokeza.

Ratiba moja haitawafaa. Wa mita 100 aanze kupunguza sasa hivi, kwa sababu waogeleaji wa mbio fupi kwa kawaida huhitaji mapumziko marefu zaidi. Wa mita 400 aendelee na mita zake 30,000 wiki hii, kisha ashuke hadi 20,000, na wiki ya mwisho 14,000. Wote wawili waendelee kuogelea mita 25 na 50 kwa kasi ya mashindano, pamoja na kufanya miruko ya kuanzia. Tafadhali usiwaweke nje ya maji kwa siku nyingi mfululizo, kwa maana kiganja husahau haraka namna ya kuyashika maji.

Mtindo Huru
Naomba kuongeza jambo moja ambalo huwatia vijana hofu: katika siku za mwanzo za kupunguza mazoezi, mwogeleaji anaweza kujihisi mzito na hata kuwa na muda mbaya kuliko kawaida. Hapo ndipo makocha wengi hurudisha mita walizokwisha kuziondoa, nami naona hilo ni kosa kubwa. Waogeleaji waliopimwa katika wiki tatu za mwisho kabla ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 waliboresha muda wao kwa wastani wa asilimia 2 hivi, ingawa wachache walirudi nyuma. Kwa kijana anayeogelea mita 100 kwa sekunde 60, hiyo ni zaidi ya sekunde moja.

Mkazi wa Nairobi
Mwalimu, bwawa lenu lina urefu gani? Bwawa la Kasarani ni la mita 50. Anayefanyia mazoezi kwenye bwawa la mita 25 hugeuka ukutani mara 15 katika mita 400, ilhali hapa atageuka mara 7 tu, na kila ukuta anaoukosa ni msukumo aliokwisha kuuzoea. Isitoshe, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Wa mita 100 hataathirika sana, lakini wa mita 400 akianza kwa kasi ya Mombasa ataishiwa pumzi kabla ya mita 300.

Mwalimu wa Bwawa (Mombasa)
Nawashukuru sana. Bwawa letu ni la mita 25. Nitamfundisha wa mita 400 kugeuka kabla ya kuufikia ukuta, bila kuugusa, ili azoee kuogelea bila msukumo huo. Na chakula, je, kipunguzwe?

Kocha Mstaafu
Kipungue kidogo tu, kwa sababu mwili hautumii tena nguvu nyingi kama awali, lakini wali, ugali na viazi visiondolewe, kwani ndivyo vinavyojaza akiba ile ya misuli. Siku ya mashindano wale chakula walichokizoea, saa mbili au tatu kabla ya kuingia majini.