Kompyuta 24 za maabara: skripti ya shell, Ansible au kunakili diski?

mwalimu_wa_maabara
Habari wakuu. Nina maabara ya shule yenye kompyuta 24, zote nimeziwekea Xubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa Linux). Sasa zinahitaji VLC, GCompris (michezo ya kujifunzia), Kalzium (ya kemia) na kodeki za video, yaani programu ndogo za kusomea video. Jumamosi nilihama kiti hadi kiti nikiandika amri zilezile. Jioni ikanikuta kwenye mashine ya tano, na bando limekata. Nimesikia kuna skripti (faili la amri zinazojiendesha kwa mfululizo), kuna Ansible ya kusimamia mashine nyingi kutoka moja, kuna Clonezilla ya kunakili diski nzima. Aliyezitumia anisaidie, ipi inanifaa?

terminali_pwani
Mwalimu, pole kwa kazi. Anza na skripti, unachohitaji tayari kimo ndani ya mashine. Andika hii kwenye faili, uiite weka.sh:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
export DEBIAN_FRONTEND=noninteractive
apt-get update
apt-get install -y vlc gcompris-qt kalzium xubuntu-restricted-extras
```

Halafu `sudo bash weka.sh`. Usiuache ule mstari wa `set`. Bila huo, amri ikishindwa skripti inasonga mbele tu, nawe unaondoka ukiamini kila kitu kimeingia. Na tumia `apt-get`, si `apt`. Mwongozo wa `apt` wenyewe unaeleza kwamba ni ya mtu anayeandika amri kwa mkono, na tabia yake inaweza kubadilika kati ya matoleo.

seva_ya_mlimani
Skripti ni nzuri, ila bado atazunguka viti 24 kuiendesha. Mimi nahudumia maabara kadhaa na nilihamia Ansible. Unakaa kwenye mashine moja, unaandika orodha ya anwani za nyingine na hali unayotaka ziwe nayo, inazifikia zote kwa SSH, yaani njia salama ya kuiamuru mashine kupitia mtandao. Kule upande wa pili inataka lugha ya Python tu, ambayo Xubuntu inayo. Mwisho inakuonyesha ipi imebadilika, ipi ilikuwa sawa, ipi haikupatikana.

Gharama yake ni kwamba Xubuntu haiji na seva ya SSH. Lazima kwanza uweke `openssh-server` kila mashine, kwa hiyo mzunguko mmoja wa viti haukwepeki.

terminali_pwani
Kweli kabisa. Niongeze jambo linalowaponza wengi: skripti lazima iweze kuendeshwa mara mbili bila kuharibu. `apt-get install` haina shida, ikikuta programu ipo inapita. Shida ni mistari ya `echo ... >>` inayoongeza maneno kwenye faili la mipangilio, kila ukiiendesha yanarudiwa. Tanguliza `grep -qxF` kuangalia kama mstari upo, ndipo uongeze. Ansible ina moduli ya kazi hiyo, na hapo nakubali imetuzidi.

fundi_diski
Nimetumia Clonezilla sana na naipenda kwa mashine zinazofanana, maana unaandaa moja tu. Lakini nakala zote zinatoka na `/etc/machine-id` (namba ya utambulisho) moja na jina moja la mashine, na kama SSH ilikuwepo, funguo zake pia ni zilezile. Visafishe kabla ya kunakili. Halafu katikati ya muhula mwalimu wa kemia akitaka programu moja mpya, utanakili diski 24 upya? Kwa kompyuta ambazo tayari zina mfumo, mimi nisingeianza.

dada_wa_mtandao
Wakuu, mwalimu amesema bando limekata na hakuna aliyegusa hapo. Skripti au Ansible, kila mashine itashusha vifurushi vilevile kutoka nje, mara 24. Mwalimu, kabla ya yote weka `apt-cacher-ng`, ghala (kache) la vifurushi, kwenye kompyuta moja, ipe anwani isiyobadilika. Kwenye nyingine tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/00kache` lenye mstari huu, ukibadilisha anwani iwe yako:

```
Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
```

Kifurushi kikishushwa mara moja kinabaki hapo, mashine zinazofuata zinakichukua ndani ya chumba. Mstari huo uandikwe na skripti yenyewe, juu ya `apt-get update`.

mwalimu_wa_maabara
Dada, Mungu akubariki. Nimeweka kache, nimetumia skripti, na mashine ya pili ilipita haraka mno. Yamebaki mawili. Mashine ya saba ilisimama ikilalamikia `/var/lib/dpkg/lock-frontend`, lile faili la kufuli la usakinishaji. Na fonti za Microsoft, zinazokuja na `xubuntu-restricted-extras`, hazikushuka popote.

terminali_pwani
La kwanza, mashine ilikuwa ikijisasisha yenyewe baada ya kuwashwa. Ongeza `-o DPkg::Lock::Timeout=300` baada ya `apt-get`, itasubiri hadi dakika 5 badala ya kukata. La pili, fonti zinataka ukubali leseni, na tumezima maswali yote kwa ule mstari wa `DEBIAN_FRONTEND`. Weka mstari huu kabla ya kusakinisha:

```
echo "ttf-mscorefonts-installer msttcorefonts/accepted-mscorefonts-eula select true" | debconf-set-selections
```

Kwa mashine zilizokwisha pita, baada ya mstari huo endesha `apt-get install --reinstall ttf-mscorefonts-installer`.

mwalimu_wa_maabara
Fonti zimeingia. Na nimeiongezea skripti `openssh-server`, ili muhula ujao nijaribu Ansible bila kuzunguka viti.