Kuh: Mama karudishwa dirishani, viza ya Krismasi na Disneyland

Mama Zawadi, Stuttgart

Ndugu zangu wa Pwani, salaam. Mwenye kujua na anisaidie, maana tangu simu ya mamangu ya asubuhi sijatulia.

Mnakumbuka nilisema Krismasi hii nataka mama awe na wajukuu. Kazi yote niliifanya mapema. VE, ile karatasi ya mwenyeji kuahidi kumgharimia mgeni, nilisaini, euro 29 nikalipa, na yule mama wa Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, alinihudumia vizuri sana. Bima ya euro 30,000 ipo, karatasi za pensheni yake ya ualimu zipo, hati ya nyumba ya Frere Town ipo. Akapanda SGR ya usiku kutoka Miritini, akafikia kwa binamu yangu Syokimau, asubuhi akawa kwenye foleni ya kituo cha viza. Binti wa dirishani akafunua karatasi moja moja mpaka akafika kwenye ratiba ya safari. Hapo akaweka kidole kwenye mstari mmoja: hoteli, Chessy (ndiko iliko Disneyland ya Paris), 26 hadi 29 Desemba. Akamuuliza, "Mama, Ulaya waenda kufanya nini?" Mama akajibu kama alivyo, "Naenda Disneyland na wajukuu zangu." Basi. Faili ikafungwa, akaambiwa hiyo ni safari ya Ufaransa, akatafute Wafaransa.

Jamani, mama atalala kwangu Stuttgart wiki tatu. Paris ni siku hizo tu, tena kwa treni, twatoka asubuhi na mchana tuko huko. Swali langu: tukipata miadi nyingine, VE hii yatosha au nisaini mpya? Na je, yamfunika akiwa upande wa Ufaransa? Watoto wameshamchorea nyanya yao lile kasri la rangi ya waridi, limebandikwa mlangoni mwa chumba atakacholala.


Baba Faraji, Köln

Pole sana dadangu. Huyo binti amekosea, na usikubali. Sheria ya 2009 ya viza ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, kifungu cha 5: ukizuru nchi zaidi ya moja waomba kwa ile utakayokaa zaidi. Wiki tatu kwa siku tatu, hakuna mjadala hapo.

Sisi tulimleta mama mkwe wangu kutoka Likoni kwa viza ya Ujerumani, tukampeleka Amsterdam na Brussels, hakuna aliyetuuliza. Alikaa miezi miwili na ushei, akafundisha watoto kusukuma chapati, akarudi nyumbani ndani ya zile siku 90 za viza. Mchapishie mama kifungu hicho aende nacho mkononi.


Mkizi, Hamburg

Baba Faraji, usisome nusu ya kifungu ukawapa watu. Kinasema nchi ambayo ndiyo safari kuu kwa muda AU kwa sababu ya safari. Mzee akiulizwa sababu akataja Disneyland peke yake, amempa karani mwenye haraka neno la kushika. Mama aseme kwamba anamtembelea bintiye, nao ndio ukweli wenyewe, na kwamba Paris ni matembezi ndani ya safari hiyo. Kwenye fomu kuna kisanduku cha kutembelea familia na kisanduku cha utalii, angalieni kipi kilitiwa alama. Na ratiba iandikwe usiku kwa usiku, ili Stuttgart ijae ukurasa na Chessy ionekane ilivyo, kitu kidogo.

La pili: mtu wa dirishani hana mamlaka ya kuamua viza. Anayeamua ni ubalozi. Mama akirudi aseme kwa upole, "Mwanangu, wewe pokea faili, ubalozi wenyewe waamue." Wazee wetu wamelelewa kuheshimu ofisi, wakiambiwa nenda wanaenda. Hapo ndipo wanapoonewa.


Khalati wa Majengo, Bremen

Mama Zawadi mwanangu, usilie. Andika remonstration, barua ya kupinga uamuzi wa viza. Dada yangu alinyimwa viza ya arusi ya mwanawe, tukaandika barua kurasa mbili, tukatia picha za posa na karatasi za ukumbi, ubalozi ukabadili uamuzi. Hatukulipa hata senti. Nikitafuta nakala ya barua ile nitakutumia, ubadilishe majina tu.


Mkizi, Hamburg

Khalati, kwa heshima zote, msimtume mwenzetu kwenye mlango uliofungwa. Remonstration ilifutwa tarehe 1 Julai 2025, kwenye balozi za Ujerumani dunia nzima. Ukinyimwa sasa ni kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin. Tena mama hajanyimwa chochote, faili haikupokewa. Ni vitu viwili tofauti.


Khalati wa Majengo, Bremen

Haya Mkizi, nimesikia. Nilisema lililotufaa sisi. Na hivyo walivyoifuta ndiyo dhuluma, maana barua ile ilikuwa mlango wa maskini. Mahakamani nani ana pesa ya wakili?


Ami wa Kibokoni, München

Mimi nauliza, kwani lazima Paris? Mko Stuttgart, Rust ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Bustani ya bembea ya huko, Europa-Park, ipo tangu 1975, imepangwa kwa mitaa ya nchi za Ulaya, unatoka Ugiriki unaingia Urusi, na wakati huu wa baridi wanaipamba miti ya Krismasi kila upande. Watoto chini ya miaka minne hawalipi. Mstari wa Chessy ungefutika kabisa, na kesi ingekwisha.

Tulimpeleka mamangu mwaka juzi. Akiwa na buibui lake, koti juu, kofia ya sufu juu ya mtandio. Hakupanda chochote kile kinachokwenda kasi, lakini kile kigari cha moshi kinachozunguka bustani alikipanda mpaka dereva akamzoea. Alikuwa akiwapungia mkono watu wasiomjua, nao wakimpungia. Nina video yake, huitazama kila nikimkumbuka.


Mama Zawadi, Stuttgart

Ahsante Ami. Rust tuliifikiria, lakini hufungwa tarehe 24 na 25 Desemba. Disneyland hawafungi mwaka mzima. Na Zawadi aliahidiwa Paris na babake kabla hajafariki. Sitaki kuivunja ahadi ile.

Kuhusu VE, kuna anayejua?


Ami wa Kibokoni, München

> hufungwa tarehe 24 na 25 Desemba

Lakini hoteli yenu yaanza 26, na siku hiyo Rust iko wazi. Ila nimesoma sababu, mwanangu. Kwa ahadi ya marehemu siongezi neno. Mungu amrehemu, nanyi mwende Paris.


Mama Zawadi, Stuttgart

Mkesha ni wetu wa kanisa na wa kupika, Ami, ndiyo maana nikaanzia 26. Ahsante kwa dua.


Dada wa Kisauni, Leipzig

Mama Zawadi umenitoa machozi. Pole sana.

Mimi ni mtu wa hapo kwenu Kengeleni. Desemba ikifika moyo wangu wote uko Emmanuel, lile kanisa la 1889. Mkesha wa Krismasi mtu hana pa kuketi, watoto wamevaa nguo mpya zinazowasha, kwaya imejaa mpaka mlangoni. Halafu kesho yake baada ya pilau, watu wa nyumba nzima twapakiwa kwenye matatu moja, wajomba mbele, sisi watoto magotini, kwenda ufukweni Pirates. Baadaye tulipokua tukaanza kwenda Wild Waters pale Nyali. Nakumbuka shangazi zangu wawili, wanawake wazima wa makamo, wakishuka ile bomba ya maji wameshikana mikono na kupiga kelele. Sijaona furaha kama ile huku, na nimewapeleka wanangu kwenye bustani nyingi za bembea.

Watoto wetu wa huku wamejua foleni za kupanda mashine, lakini hawajui kuwa na binamu kumi na watano wa rika lao siku moja.


Baba Faraji, Köln

Kweli dada. Wangu mimi nimewapeleka Haller Park wakamwona kobe. Kisa cha Owen wanakijua kwa moyo: ilikuwa siku moja baada ya Krismasi ya 2004, tsunami, yule kiboko mchanga akabaki peke yake pwani ya Malindi, akaletwa Bamburi akamganda Mzee, kobe mwenye umri wa babu zetu. Na ile bustani yote ilikuwa machimbo ya simiti, jangwa la mawe meupe. Dkt. Haller alianza kupanda mivinje hapo mwaka 1971. Kwangu mimi hiyo yashinda kasri la plastiki. Frankfurt kuna ndege inayotua Mombasa moja kwa moja. Mwakani mpelekeni Zawadi kwao.


Bi Asha, Frankfurt

Ndege ipo, kaka, lakini bei ya Desemba yaijua? Mtu mwenye watoto watatu na mshahara mmoja atampeleka nani? Tusimwambie mjane aende nyumbani kama kwamba ni kupanda feri ya Likoni. Yeye amechagua kumleta mmoja badala ya kwenda wanne. Ni hesabu ya mtu mwenye akili.

Na mie la kuniuma ni hili jingine. Kwa nini bibi wa Frere Town asafiri usiku kucha kwenda Nairobi kuweka vidole? Tikiti ya SGR ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000, tangu 2024 ni 1,500, kwenda tu. Ada ya viza euro 90, na ukinyimwa harudishiwi mtu. Tarehe 13 Septemba 2024 rais wetu alikuja Berlin wakasaini mkataba wa wafanyakazi, vijana waje wafanye kazi Ujerumani. Vizuri, wanetu wapate riziki. Lakini aliyemzaa huyo kijana akitaka kumwona Krismasi moja, afunguliwe faili kama mshukiwa, athibitishe kwamba atarudi kwake. Mzee wa miaka sabini na nyumba yake na kanisa lake, aje akae huku kwenye theluji afanye nini?


Mkizi, Hamburg

Bi Asha hapo nakuunga mkono kwa yote. Nami niliipiga kura 2022 hapa Ujerumani. Tuliruhusiwa kumchagua rais tu, gavana wala mbunge hapana. Kwa hiyo sisi wa Mombasa tulio nje hatuna wa kumbana kwa mambo ya Mombasa. Pesa tunazotuma kila mwezi zinajulikana, sauti haijulikani.


Khalati wa Majengo, Bremen

Mama Zawadi, mama akishapata viza, na atapata inshallah, mwambie asibebe maembe. Najua ni msimu wa ngowe na atataka kuwaletea watoto. Mimi yangu yalitupwa forodhani, debe zima, nilisimama nikiyatazama. Na nyama yoyote au maziwa, hapana.


Dada wa Kisauni, Leipzig

Nazi je? Mimi nimekaa bila nazi ya nyumbani tangu lini sijui, hizi za dukani ni chungu.


Baba Faraji, Köln

Nazi haziruhusiwi dada, matunda yote mabichi yataka cheti cha afya ya mimea.


Bi Asha, Frankfurt

Si yote, Baba Faraji. Nazi, nanasi, ndizi, tende na duriani hazihitaji cheti. Embe lahitaji. Mimi huingia na nazi kila safari na hutangaza mwenyewe.

Tena mama akitua, kuanzia 12 Oktoba 2025 kuna mfumo mpya mpakani, watampiga picha pale pale badala ya kugonga muhuri, ingawa waliuanzisha kidogo kidogo. Foleni ni ndefu. Mwambie asiogope kamera na avue miwani.


Ami wa Kibokoni, München

Tuandike barua. Nasema kweli. Barua moja, majina yetu yote, iombe siku za kupokea faili za viza Mombasa, hata iwe mara moja kila miezi mitatu. Wazee wa Kilifi, Kwale, Taita, Lamu na Tana River wote watafaidika. Mimi nitaandika ya Kiswahili, Mkizi aandike ya Kijerumani maana kalamu yake yachoma. Tumpelekee balozi wa Kenya Berlin.


Khalati wa Majengo, Bremen

Tia jina langu liwe la kwanza. Na la mume wangu.


Mkizi, Hamburg

Nitaandika. Ila balozi wa Kenya hatoi viza za Ujerumani, Ami. Barua iende Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, nakala kwa ubalozi wao Nairobi na nakala kwa balozi wetu. Nileteeni visa vya watu wenu mpaka Jumapili, kila mmoja mistari mitano, miaka na tarehe ziwe sahihi.