Kwa nini muski ni adimu kwenye baadhi ya maziwa yaliyoungana?

mshipi_mrefu
Wakuu habari za leo, kuna kitu kinanisumbua. Navua kaskazini mwa Wisconsin, Marekani, kwenye maziwa yaliyoungana kwa vijito, boti inatoka ziwa hili inaingia lile bila shida. Ziwa la juu muski (yule samaki mkubwa mrefu anayewinda samaki wenzake) wapo, ukishinda unarusha chambo kutwa nzima walau mmoja anakufuata mpaka ubavuni mwa boti, anakuangalia, anazama zake. La chini msimu wa tatu huu sijaona hata mkia, ni paiki tu wamejaa, wale ndugu zake muski. Maji ni hayohayo na njia iko wazi, mbona hawahamii?

majini_daima
Mkuu umeshamtaja mwenyewe, paiki. Barafu ikiyeyuka tu paiki anaingia kwenye majani ya majini kutaga, wakati muski anasubiri maji yapate joto, kama nyuzi 10 za Selsiasi na zaidi, wiki mbili hivi baadaye. Sasa vifaranga vya muski vikianguliwa vinakuta vya paiki vimeshatangulia kukua, vinaliwa.

gogo_zamani
Sawa ila tusisahau tope. Mayai ya paiki yananata kwenye majani, ya muski hayanati, yanadondoka mpaka chini, na kama chini ni tope laini la majani yaliyooza basi hewa hakuna, yai linafia hapohapo. Alafu watu wenye nyumba ufukweni wanang'oa magogo na miti iliyozama ili mbele ya gati pawe safi, hiyo inaniuma sana kwa kweli maana ndo maficho ya samaki wadogo.

Na kuhusu kuhama, muski ana tabia ya kurudi kutaga palepale kila mwaka, kwahiyo njia kuwa wazi si lazima aitumie. Isitoshe hata ziwa zuri mara nyingi halifikishi muski mkubwa mmoja kwa eka, na jike anachukua miaka 5 mpaka 7 hivi kukomaa. Ukimnasa mrudishe majini kaka.

mshipi_mrefu
Aisee, kule chini nanga ikipanda inakuja na tope jeusi linanuka kama yai viza! Huwa narudisha wote. Je wakipandikiza vifaranga?

majini_daima
Vikiwa vidogo sana paiki na besi (samaki mwingine anayekula wenzake) watavimaliza. Wale wanaolelewa kwanza mpaka inchi 10 au 12 ndo waachiwe msimu wa majani kupukutika, hao wengi zaidi wanapona. Ila kuzaana wenyewe kwenye hilo tope bado ni ngumu.